Hii si yangu: dhana potofu kuhusu sauti ya mtaalamu anayeandika

Miaka michache iliyopita mkunga mmoja mstaafu alinitumia makala nimharirie. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Mama akasukuma, akapumzika, akasukuma tena, mtoto hana haraka." Mimi, kwa kujiona mjuzi, nikaibadilisha ikawa "mchakato wa kujifungua ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa." Makala nzima nikaipiga pasi hivyo hivyo. Kesho yake akanipigia simu. Hakufoka. "Mwanangu," akasema, "umeiandika vizuri, lakini hii si yangu."

Tangu hapo nimehariri makala za wahasibu, mafundi umeme, mawakili na mabwana shamba. Karibu wote hufika wakiwa wameshaaminishwa mambo fulani kuhusu hii tunayoiita sauti ya mwandishi, ile namna yake ya kusema inayomtambulisha hata jina likizibwa. Mengine ni uongo mtupu, hayo hayasumbui. Yanayosumbua ni yale ya nusu kweli.

"Sauti ni kipaji, na mimi kazi ya ofisi imeshaniua kalamu"

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alianzia forodhani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita kwenye meza za ofisi za serikali. Barua rasmi alizijua kuliko wengi wetu. Na bado ukiziba jina lake, ukasoma aya moja ya nathari yake, unamtambua kwa zile sentensi zinazopimana kama vitanga vya mizani.

Kipaji kipo, sikatai. Ila mhasibu anayeniambia hana sauti ni yule yule niliyemsikia saa moja kabla akimweleza mwenye duka kwa nini hela ya mauzo si faida. "Hiyo droo yako imejaa hela za watu," alimwambia. "Ya mwenye nyumba imo humo, ya msambazaji imo, ya kodi imo. Yako ni ile itakayobaki wakishachukua zao." Kisha akaketi kuandika, akaniletea "umuhimu wa kutenganisha mapato ghafi na faida halisi." Sauti anayo. Imempotea njiani kati ya mdomo na vidole.

"Mtaalamu lazima aandike Kiswahili kizito, la sivyo hataheshimiwa"

Hii ndiyo mama yao wote, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Bwana shamba mmoja aliniletea makala kuhusu kuhifadhi mahindi. Ilianza hivi: "Kumekuwepo na changamoto kubwa katika suala zima la uhifadhi wa mazao ya nafaka kutokana na wakulima walio wengi kutozingatia viwango vya unyevu vinavyotakiwa, hali inayopelekea kutokea kwa sumukuvu."

Itazame vizuri. Hakuna mtu anayefanya kitu humo. Wakulima wametajwa, lakini wametajwa kwa kutozingatia. Hakuna gunia, hakuna jua, hakuna mkono. Kila tendo limegeuzwa jina: uhifadhi, kutozingatia, kutokea. Tumejifunza kuandika hivi kutoka kwenye risala, mihtasari ya vikao na taarifa za habari, ambako maji hayakatiki bali "kuna changamoto ya upatikanaji wa maji." Huo si uzito wa elimu. Ni namna ya kusema jambo bila kulibeba.

Nikamuuliza kwa simu: mkulima akikuuliza shambani atajuaje kama mahindi yake yamekauka, unamjibuje? Akajibu bila kufikiri:

"Namwambia chukua chupa ya kioo, iwe kavu, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi kama robo. Tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu. Funga, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Ukiona chumvi imegandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado, rudisha juani. Isipogandia, usishangilie. Hapo umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na ghalani tunataka kama 13. Mimi huwaambia waanike tena."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akasita. "Wenzangu watasema nimeandika kama mtu ambaye hakusoma."

Nirudi kwenye neno moja tu: *usishangilie*. Asiyejua kazi asingeliweka. Angetoa jaribio la chumvi, akamaliza, mkulima akaenda kujaza magunia. Neno hilo linatoka kwa mtu anayejua kwamba kati ya 15 na 13 kuna pengo, na kwamba ule ukungu unaotoa sumukuvu unaishi humo. Elimu yake yote iko pale, na haikuhitaji "viwango vinavyotakiwa" kujitambulisha.

Tena jambo lenyewe si la mchezo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na 125 wakafa. Takwimu hizo alikuwa nazo, ila alizifukia aya ya tisa, chini ya kichwa "athari za kiafya." Tukazipandisha juu, zikafuatana na ile chupa.

Watu huchanganya istilahi na uzito. Sumukuvu ni istilahi, ina kazi, ibaki. Rufaa, dhamana, marejesho ya kodi, kondo la nyuma: hayo ni majina ya vitu, na mtaalamu asiyeyataja kwa majina yake anamdharau msomaji. "Suala zima la" ni povu.

"Kiswahili sanifu hakina sauti, bora uchanganye na cha mtaani"

Hii huletwa na vijana, na naelewa inatoka wapi. Kile Kiswahili kilichopangwa tangu kamati ya lugha ya mwaka 1930, kikafanywa cha mitihani na redio, wengi walikipokea kikiwa kimevaa tai. Kwa hiyo anayetaka kusikika huru hukimbilia misimu, yale maneno ya mtaani. Tatizo la misimu ni kwamba ni ya kundi zima. Inamwambia msomaji wewe ni rika gani na unatoka mji gani, haimwambii wewe ni nani. Na mwaka kesho itakuwa imechacha.

Hebu angalia sanifu inavyokupa nafasi. "Nimelipa kodi." Hiyo ni habari. "Kodi nimeilipa." Hapo namsikia mtu aliyeulizwa mara mbili na amechoka kuulizwa. "Kodi imelipwa." Huyu ni karani, na aliyelipa hatutaki kumjua. Maneno ni yale yale, na hakuna aliyevunja kanuni, lakini wamezungumza watu watatu tofauti. Kiswahili kinakuruhusu kuhamisha kitu mbele ya sentensi na kukiachia alama yake ndani ya kitenzi. Mwandishi anayejua lini afanye hivyo, na lini asifanye, ana sauti tayari.

Au chukua nyakati. Yule mkunga aliandika kwa njia mbili bila kujua. Aliposema jambo aliloliona mara mia alitumia *hu-*: "Mzazi wa kwanza huchelewa kuja, wa nne huchelewa kuondoka nyumbani." Aliposimulia usiku mmoja alitumia *-ka-*: akaja, akakaa, akaomba maji, akalia. Ile *hu-* ni wakati wa uzoefu. Asiyeona wengi hawezi kuitumia bila kujikwaa, msomaji atamshuku. Ile *-ka-* ni wakati wa shahidi. Makala yake ilikuwa inapanda na kushuka kati ya mbili hizo, kanuni halafu usiku mmoja, kanuni halafu usiku mwingine. Mimi nikaja na "ulichukua" na "yalifanyika," nikaisawazisha yote kama barabara ya changarawe. Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yangu, na hata kitabu cha sarufi kisingenishtaki.

Zoezi ninalowapa watu ni hili: chukua aya yako, pigia mstari kila kitenzi, kisha soma vitenzi peke yake. Ukikuta "kuna," "kumekuwepo," "inapelekea," "kuhakikisha," hapo hujaanza kuandika.

"Sauti ni methali na vionjo"

Hapana. Methali ni ya kila mtu, ndiyo maana ni methali. Makala inayoanza na "wahenga walisema" imetoa nafasi yake ya kwanza ya kusema kwa wahenga. Na zile salamu ndefu kwa "wapendwa wasomaji" ni heshima ya ukumbini, mwenye kusoma kwenye simu ndani ya daladala huzivuka.

"Andika kama unavyoongea"

Nusu kweli. Nimetoka kumsifu bwana shamba kwa maneno ya simu, basi nieleze nusu ya pili. Nilipoyanakili maneno yake yote yalikuwa na "yaani" kumi na moja, "si unajua" tano, na mahali pamoja alisema "unaifanya hivi" akisahau kwamba simuoni mkono. Anayeongea ana uso, ana kituo, ana msikilizaji anayeitikia. Anayeandika hana. Kwa hiyo jirekodi ukimweleza mteja mmoja, mtu halisi mwenye swali halisi, kisha andika kutokana na rekodi. "Yaani" zitoke, mpangilio wa maelezo ubaki. Mara nyingi utakuta mdomo ulianza na kitu, na karatasi ingeanza na fasili.

"Ili nisikike lazima nijizungumzie"

Mimi nilipoanza safari yangu, mimi nilivyopambana. Wasomaji wameshashiba hayo.

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuona beti zake kwenye chapa. Zilikaa vichwani mwa watu. Miongo mingi baadaye Mwalimu Sikujua alizikusanya zilizokuwa zikikumbukwa na kumwezesha mmisionari Taylor kuzihifadhi kwa maandishi. Wanaomjua humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ukisoma, unakuta mji: ugomvi wa Wamazrui waliotawala Mombasa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, deni, njaa, mambo ya nyumbani. Alikuwa karibu na mambo, na ukaribu huo ndio unaotufanya tumsikie. Fundi umeme anayeandika kwamba waya uliochomwa na joto hunuka samaki amejitaja kuliko aliyeandika aya tatu kuhusu ndoto zake za utotoni. Tunajua pua yake ilikuwa wapi.

"Nikisoma wengine nitawaiga"

Utaiga, ndiyo, kwa miezi michache. Kisha soma mwingine. Anayesoma mmoja tu ndiye anayebaki kivuli. Kwa mtaalamu naongeza ushauri usiopendwa: soma watu wa nje ya fani yako. Mawakili wanaosoma mawakili peke yao huandika kama hati ya kiapo.

"Programu itaninyooshea"

Itakunyooshea kweli, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu ndivyo nilivyomfanyia mkunga. Siku hizi napokea makala kutoka mikoa mitatu tofauti, fani tatu tofauti, zote zikianza na "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi." Tahajia safi, viambishi vimetulia, na chini yake unasikia Kiingereza kinapumua. Itumie kukamata makosa ya herufi kama unataka. Ikikupendekezea "mchakato," ikatalie mara mbili kabla ya kukubali.

"Sauti ni moja, haibadiliki"

Mkunga yule yule aliandika baadaye kuhusu mama aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufariki. Hakuna mzaha humo, sentensi ni fupi, *hu-* imetoweka kabisa. Lakini ni yeye. Bado anatazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Safari hii nilirekebisha koma mbili nikairudisha.

Na ile makala ya mahindi ilitoka na chupa yake. Wenzake bwana shamba hawakusema lolote, si zuri wala baya. Ila wiki ile ile alinitumia ujumbe alioandikiwa na mama mmoja msomaji: "Shikamoo bwana shamba, mimi nina chumvi ya mawe tu, itafaa?" Chini yake alikuwa ameshamjibu: "Marahaba mama. Itafaa, itwange kwanza uianike, maana nayo hunywa maji kama sisi. Na chupa usiioshe leo."