Riwaya yako ya kwanza iwe na urefu gani? Usiipime kwa Kiingereza

Ushauri uliozagaa mtandaoni, kwamba riwaya ya kwanza iwe na maneno 80,000 hadi 100,000, ulitolewa kwa waandishi wa Kiingereza. "Ningalimwambia" kwetu ni neno moja. Mwingereza huhitaji matano. Kwa hiyo maneno 60,000 ya Kiswahili si kitabu chembamba hata kidogo. Hata hivyo, mwandishi ambaye bado hajulikani mimi humshauri abaki kati ya maneno 45,000 na 65,000.

Sababu kubwa ni karatasi. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikatoa fungu la kurasa 16. Tuseme kitabu ni cha A5 (nusu ya karatasi ya A4) na kila ukurasa unameza maneno 300. Maneno 57,000 ni kurasa 190. Sura 20, kila moja ikianza ukurasa mpya, zitakula kama kurasa 10 zaidi kwa nafasi zinazobaki wazi. Kurasa za mwanzo (jina, haki, tabaruku) weka 8. Jumla 208, yaani mafungu 13 kamili. Ukurasa mmoja ukizidi, mchapishaji analipia fungu la 14 au anambana msanifu abane herufi. Maneno 110,000 ni karibu kitabu cha pili juu ya hicho, na bei yake ataibeba msomaji ambaye hajawahi kukusikia.

Mswada ukizidi, usianze na sentensi. Kufuta neno hapa na pale hupunguza labda sehemu moja ya kumi, basi. Chora jedwali: namba ya sura, idadi ya maneno, na kilichobadilika mwishoni mwake. Sura isiyobadilisha kitu ifutwe, au lile jambo moja lenye maana lihamishiwe sura jirani. Kisha tazama wahusika: marafiki wawili wanaofanya kazi ileile ya kumsikiliza shujaa wanaweza kuwa mmoja.

Sentensi zifuate baada ya hapo. Kwenye miswada ya Kiswahili naona uzito uleule: salamu kamili kila mgeni anapobisha hodi (msomaji anazijua, mwache mgeni aketi), mhusika kumsimulia mwenzake tukio tulilokwisha kulishuhudia, visawe viwili viwili, "hofu na woga", "furaha na bashasha", methali baada ya tendo lililokwisha kujieleza. "Mtu ambaye alikuja" iwe "aliyekuja". Methali moja iliyokaa mahali pake siigusi.

Kukata hadithi katikati ili viwe vitabu viwili ni mtego. Mchapishaji anayesita kuwekeza kwenye kimoja hawezi kukuahidi cha pili. Ukilazimika, mgogoro mkuu wa kitabu cha kwanza ufungwe humohumo.

Chini ya maneno 30,000 hali ni nyingine. Usijaze maji. Mara nyingi upungufu uko kwa mpinzani wa shujaa: hana nia yake mwenyewe, kwa hiyo vikwazo vinaisha upesi. Mpe anachokitaka, na sura zitazaliwa.

Kabla ya kutuma, soma masharti ya mchapishaji. Kiwango alichotaja yeye ndicho kinachotawala, si changu. Kwenye barua andika idadi ya maneno iliyokadiriwa, "takriban 57,000", na useme mswada umekamilika. Usipunguze herufi wala nafasi ya mistari ili kurasa zionekane chache: mhariri hufungua faili, hubonyeza mara moja, na hesabu yote iko mbele yake.