Moto haukuwaka kutwa kucha
Wengi hudhani vyumba vya maskini wa London enzi za Malkia Victoria (1837–1901) vilikuwa na moto mchana na usiku, kwa kuwa makaa ya mawe yalijaa mjini. Sivyo. Meko yalikuwepo, ila maskini alinunua makaa kidogo kidogo, kwa bei ya juu kuliko tajiri aliyejaza stoo yake mapema. Wengi waliwasha moto wakati wa kupika tu. Watoto waliingia kwenye tope la mto Thames, miguu mitupu, kuokota makaa yaliyodondoka kutoka kwenye majahazi. Inauma kuwaza! Usiku familia ilibanana kitanda kimoja, makoti juu yao, matambara yamesokomezwa kwenye nyufa za dirisha. Barabarani, kiazi cha kuoka kilipasha viganja kwanza, ndipo kikaliwa.