Uvimbe umepungua kwa milimita ngapi? Picha za CT katika majaribio ya dawa za saratani

Mgonjwa wa saratani akisema anasikia nafuu, daktari wake hufurahi. Katika jaribio la dawa, nafuu hiyo haina budi kupimwa, na kwa saratani nyingi zinazojenga uvimbe, rula yenyewe ni picha ya CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Masharti ya upimaji huitwa RECIST. Yalichapishwa mwaka 2000, yakarekebishwa 2009.

Picha ya mwanzo hupigwa ndani ya wiki nne kabla ya matibabu kuanza. Mtaalamu wa radiolojia huchagua vivimbe vya kufuatilia: visizidi vitano mwili mzima, wala viwili katika kiungo kimoja. Kila kimoja kiwe na angalau milimita 10 pale kilipo kirefu zaidi, kwenye picha ambazo unene wa kila kipande hauzidi milimita 5. Tezi za limfu zina sharti lake. Hizo hupimwa upana wake mfupi, ufike milimita 15, kwa kuwa hata tezi isiyo na ugonjwa huonekana kwenye picha, tena huweza kuwa ndefu kama haragwe. Vipimo vyote hujumlishwa.

Tuchukue mgonjwa mwenye vivimbe viwili kwenye ini, milimita 42 na 30, na kimoja cha 28 kwenye pafu. Jumla ni 100. Wiki nane baadaye jumla ni 68: imepungua kwa asilimia 32, na kuanzia asilimia 30 huhesabiwa kuwa ugonjwa umeitikia dawa. Miezi kadhaa ikipita, jumla inasoma 82. Hapa ndipo watu huteleza. Wanalinganisha 82 na 100, wanasema bado kuna nafuu. Sivyo: ongezeko hupimwa kutoka kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, yaani 68. Zimeongezeka milimita 14, zaidi kidogo ya asilimia 20, na sharti la nyongeza ya angalau milimita 5 nalo limetimia. Ugonjwa umesonga mbele. Kivimbe kipya, kikishathibitika kuwa ni cha saratani, kina hukumu hiyohiyo hata kama vile vya zamani vimenywea.

Hesabu ni nyepesi. Data huharibikia chumba cha mashine. Dawa ya kontrasti, inayofanya mishipa na viungo vionekane wazi, ikishachomwa kwenye mshipa, picha ya ini kwa kawaida hupigwa baada ya sekunde 70 hivi. Safari hii ikapigwa kwenye sekunde 30, kivimbe kilekile kinaweza kuonekana kidogo, kikubwa au kisionekane kabisa, na dawa ikapewa sifa au lawama isiyo yake. Vivyo hivyo ukibadili unene wa vipande. Na tafadhali, picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haifai: hutumwa faili halisi za DICOM, yaani muundo wa kawaida wa picha za hospitali, jina la mgonjwa likiwa limeondolewa, hata lile lililoandikwa juu ya picha yenyewe.

Tarehe za kupiga picha hufuata kalenda. Dozi ikiahirishwa kwa sababu chembe za damu zimeshuka, picha haiahirishwi. Kundi moja likipigwa picha kila wiki sita na jingine kila wiki tisa, lile la pili litaonekana kukaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kuongezeka, kumbe limechelewa kupimwa tu.

Majaribio mengi makubwa hupeleka picha kwa wasomaji wawili wasiojua nani anapewa dawa ipi. Wakitofautiana, wa tatu huamua. Daktari anayemtibu mgonjwa ana matumaini yake, na milimita mbili za pembeni ni rahisi kuzisogeza bila kukusudia.

Dawa zinazoamsha kinga ya mwili zilileta kitendawili kingine: uvimbe huweza kutuna kwanza kwa sababu chembe za kinga zimeujaa. Kwa hiyo mwaka 2017 yakatoka masharti ya iRECIST. Ongezeko la kwanza huandikwa kuwa halijathibitishwa, na mgonjwa ambaye hali yake haijadhoofika anaweza kuendelea na dawa hadi picha irudiwe baada ya wiki 4 hadi 8.