Krimu yako haijageuka njano

Lawama ni ile ile, parseli (kiwanja) hadi parseli hapa Goma: "Fundi, umenibadilishia kopo." Mama amechagua penti ya rangi ya krimu dukani, tumepaka ukuta, kesho yake anaona njano. Hakuna kopo lililobadilishwa. Mabati ya paa lake ni ya buluu.

Jicho halisomi rangi peke yake, huisoma pamoja na iliyo kando yake. Buluu humsukuma jirani upande wa pili wa duara la rangi (mchoro unaopanga rangi kwa mzunguko), kwenye chungwa, ndiyo maana krimu chini ya mabati hayo hukolea. Kijivu kikipakana na mawe meusi ya volkano hupauka; kiweke kando ya ukuta mweupe, kinakuwa kama wingu la mvua. Penti ni ile ile. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeanza kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya ufumaji ya Gobelins mjini Paris mwaka 1824, aliletewa malalamiko kuwa nyeusi yao ni hafifu. Akaichunguza, akaikuta nzima. Kilichoidhoofisha ni buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka 1839.

Anayebisha atoboe tundu kwenye katoni, autazame ukuta kupitia hapo bila kuona mabati. Krimu yake itarudi.

Kwa hiyo acheni kuchagua kwa kadi ya dukani! Nunua kopo dogo, paka mita moja kwa mita moja chini ya mabati yenyewe, iache ikauke, iangalie asubuhi na jioni. Mteja asiyekubali hilo, sianzi kazi yake.

Eti rangi zinazotazamana kwenye duara zinagombana? Tazama vitenge sokoni, buluu na chungwa zinavyong'arishana. Zinachosha zikiwa kali zote mbili na kugawana ukuta nusu kwa nusu. Moja itawale, nyingine ibaki mlangoni. Ila ukizichanganya kopo moja, utapata matope.

Wala si kweli kwamba nyekundu, njano na buluu zikichanganywa hutoa rangi zote; zambarau ya nyekundu na buluu aghalabu huwa chafu. Wachapaji hutumia sayani (buluu ya kijani), majenta (nyekundu ya zambarau), manjano na nyeusi, nao hawazifikii zote.

Na nyeupe si moja. Ya dari ikiegemea buluu na ya mlango ikiegemea njano, mlango utaonekana mchafu hata ukiuosha kila siku. Nunua nyeupe ya aina moja kwa vyote viwili.