Sanskrini ya uso mweusi: tafuta ile yenye rangi

Mama mmoja anayekaanga samaki karibu na ziwa aliingia kliniki yangu hapa Kisumu akiwa na mfuko mkononi. Akavimwaga vyote mezani: sabuni mbili, krimu isiyo na lebo aliyouziwa sokoni, na tyubu moja ya sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua. "Daktari, hii nimepaka tangu Krismasi," akasema akiigusa ile tyubu, "na bado uso unazidi kuwa mweusi hapa na hapa." Akanionyesha mashavu, paji la uso na juu ya mdomo. Melasma, bila shaka, yaani mabaka meusi ya usoni. Nikaichukua tyubu nikaibonyeza. Ilikuwa ya mililita 50, na nusu yake bado imo. Nasi tulikuwa mwezi wa Julai.

Sikumlaumu. Alinunua alichoshauriwa na muuzaji, aliyemsifia kwamba hiyo ikipakwa usoni haionekani kabisa. Karibu kila siku ya kliniki namwona mtu aliyeshauriwa vivyo hivyo, na inaniuma, kwa sababu wengi wao hukata tamaa ya sanskrini wakaangukia kwenye mkorogo.

Tuanze na namba ya SPF, kipimo cha kinga ya jua kilichoandikwa kwenye boksi, maana ndiyo watu wanayoiangalia kwanza. Namba hiyo hupatikana kwa kupima ni miale kiasi gani inayohitajika kuifanya ngozi iwe nyekundu, yaani kuungua, na inaeleza zaidi habari za miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana inayounguza. Kwa mzungu hilo ndilo jambo kubwa. Sisi tuna melanini nyingi, ile rangi nyeusi inayotengenezwa na seli za ngozi. Utafiti wa mwaka 1979 ulilinganisha tabaka la juu la ngozi nyeusi na la ngozi nyeupe, ukakuta la kwetu linakinga UVB kama SPF 13 hivi, na la kwao kama SPF 3. Ndiyo maana wengi wetu tumezeeka bila kujua kuungua na jua kukoje.

Lakini seli zilezile zinazotukinga zina wepesi wa kuchokozeka. Chunusi ikipona, mbu akiuma, tone la mafuta ya moto likirukia shavu, zinamwaga melanini mahali hapo na alama inabaki miezi. Mimba na dawa za kupanga uzazi zenye homoni zinaweza kuziamsha vilevile, ndipo melasma inapojitokeza. Kisha kila mwanga unaopiga hapo unaendelea kuzichochea. Kwa hiyo swali langu kwa sanskrini ya mtu mweusi mwenye madoa ni kama itazituliza seli hizo. Habari ya kuungua inakuja nyuma, na namba ya SPF peke yake haiwezi kunijibu.

Kinachozichochea ni miale ya UVB na mwenzake UVA, inayozama ndani zaidi ya ngozi (kwa pamoja huitwa UV), ndiyo, ila kuna kitu cha tatu ambacho wauzaji wengi hawakitaji: mwanga wenyewe, huu wa kawaida tunaouona kwa macho, hasa sehemu yake ya buluu. Mwaka 2010 watafiti walimulika ngozi za watu kwa mwanga unaoonekana, bila UV. Wenye ngozi nyeusi na ya kahawia walipata weusi uliokolea na kukaa muda mrefu kuliko ule ulioletwa na miale ya UVA. Wenye ngozi nyeupe sana hawakupata alama yoyote. Baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Ufaransa wakaonyesha njia yake: seli zinazotengeneza melanini zina kipokezi kiitwacho opsini-3, kinachohisi mwanga wa buluu na kuziamuru zifanye kazi. (Wanaoniuliza kuhusu simu: mwanga wa skrini ni hafifu mno ukilinganisha na wa jua. Simu isikukoseshe usingizi kwa ajili ya madoa.)

Sasa rudi kwenye ile tyubu ya mama. Ilikuwa sanskrini ya madini. Kinga za madini zinazotumika ni mbili, oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Zinki inazuia UVB na sehemu kubwa ya UVA. Titani ni hodari kwa UVB lakini inalegea kwa UVA yenye mawimbi marefu. Nazipenda kwa watu wangu kwa sababu haziwashi macho sana jasho linapotiririka, na ngozi yenye chunusi au iliyochubuliwa na mkorogo huzivumilia vizuri. Ngozi inayowashwa huacha doa, kwa hiyo upole huo ni sehemu ya tiba. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipendekeza kuzitambua hizi mbili kuwa salama na zinazofanya kazi, ikataka data zaidi kuhusu kinga 12 za kemikali, yaani zisizo za madini. Hiyo haimaanishi kwamba za kemikali ni sumu, na kama unayo inayokufaa usiitupe.

Shida ya madini inajulikana na kila dada aliyewahi kujaribu: uso unakuwa kama umepakwa majivu. Chembe kubwa za zinki na titani ni nyeupe, na juu ya ngozi nyeusi weupe huo unapiga kelele. Viwanda vikazisaga chembe hadi zikawa ndogo mno zisionekane. Uso ukapendeza. Lakini fikiria maana yake. Kama mimi nikikutazama naiona ngozi yako chini ya losheni, basi mwanga umepita losheni ukafika kwenye ngozi, ukarudi tena hadi kwenye jicho langu. Umepita mara mbili bila kuzuiwa. Sanskrini isiyoonekana inazuia UV vizuri tu, ila kwa mwanga unaoonekana ni kama dirisha la kioo.

Kinachofunga dirisha hilo ni rangi, na rangi hiyo ni oksidi ya chuma, jamaa ya ile kutu na ile ardhi nyekundu unayoiona ukipanda kuelekea Vihiga na Kakamega. Ziko za njano, nyekundu na nyeusi, nazo huchanganywa kupata kahawia ya ngozi. Mwaka 2014 huko Meksiko walilinganisha wagonjwa wa melasma waliotumia dawa ileile. Kundi moja likapaka sanskrini ya UV peke yake, jingine sanskrini ya UV iliyoongezwa oksidi ya chuma. Baada ya wiki 8 kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi. Mimi naliona hilo kliniki, na ndiyo sababu siku hizi mgonjwa wa melasma nikimwandikia sanskrini nataja rangi kabla sijataja SPF.

Dukani, geuza boksi usome nyuma, usidanganywe na picha ya mbele. Majina yameandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini oksidi za chuma zina namba zisizobadilika popote duniani: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni njano, CI 77499 ni nyeusi. Ziandike kwenye simu. Ukizikuta zote tatu, hiyo ina rangi ya kweli. Kisha tafuta zinki, SPF 30 au zaidi, na alama ya kinga ya UVA. Zinazotoka Ulaya huandika UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA si chini ya theluthi moja ya SPF. Kati ya SPF 30 na SPF 50 usigombane na mfuko wako: ya kwanza inazuia UVB kama asilimia 97, ya pili kama 98, zikipakwa kwa kipimo. Ila kwa kuwa wengi tunapaka pungufu, 50 inakupa nafasi ya kukosea.

Kazi ngumu ni kupata rangi yako. Zinazouzwa hapa nyingi zina rangi moja tu, na aliyekusudiwa si wewe wala mimi. Juu ya ngozi ya watu wa kwetu inageuka kuwa waridi au kijivu. Usiijaribu kwenye kiganja wala mgongo wa mkono. Paka kidogo kwenye taya, toka nje ya duka, simama barazani kwenye mwanga wa kweli, ngoja dakika kumi ndipo ujitazame. Taa za dukani zimewapoteza wengi. Ukiona bado ni majivu, iache. Haina haja uende nyumbani na kitu utakachoona haya kukipaka.

Usipopata inayokufaa kabisa, kuna njia ambayo nimeshawapa wengi. Nunua sanskrini ya kawaida isiyoonekana, ipake kwa kipimo kamili, ngoja ikauke, kisha juu yake paka faundesheni ya maji inayolingana na ngozi yako. Faundesheni nyingi za watu weusi zimejaa zile CI tatu. Usizichanganye kiganjani, kwa sababu unavuruga lile tabaka la sanskrini linalopaswa kulala sawasawa usoni. Poda peke yake haitoshi, ila ni nzuri ya kuongezea mchana.

Nimesema kipimo, na hapa ndipo tyubu ya Krismasi ilipomsaliti mama wa samaki. Maabara hupima SPF kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Usoni hiyo ni kama robo ya kijiko cha chai, yaani mililita 1.25. Shingo inataka yake. Wengine hupima kwa vidole: mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, inatosha uso na shingo. Piga hesabu na mimi. Mililita 50 kwa 1.25 ni siku 40 ukipaka uso mara moja kwa siku, na siku 20 ukipaka mara mbili. Mama alikuwa ametumia nusu tyubu kwa zaidi ya miezi sita. Alikuwa anapaka tone, na kila aipakapo ile namba kwenye boksi inakuwa ya uongo. Nikiulizwa nichague kati ya sanskrini ya bei kubwa inayopakwa kwa kubana na ya bei nafuu inayopakwa kwa ukarimu, nachukua ya pili bila kufikiri.

Kama robo kijiko inaonekana nyingi mno, ipake awamu mbili. Ya kwanza, ngoja dakika mbili tatu, ya pili. Madini hupenda kugandamizwa kidogo kidogo kuliko kusuguliwa. Losheni yako ya kulainisha ngozi itangulie, na usisahau juu ya mdomo wala kandokando ya nywele, kwa sababu melasma inapenda sana sehemu hizo.

Jua letu ni la mwaka mzima. Kisumu iko karibu mno na Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Ndugu zangu wa Nakuru wako juu zaidi, kama mita 1,850, na kila mita 1,000 inaongeza UV kama asilimia 10, lakini upepo wa baridi unawadanganya kwamba jua halina nguvu. Kioo cha matatu kinazuia UVB, kinapitisha UVA na mwanga. Nimewaona madereva ambao shavu la upande wa dirisha limekolea kuliko jingine.

Anayeshinda nje arudie kila baada ya saa mbili, akikausha jasho kwanza kwa kugandamiza leso. Najua hilo ni gumu kwa muuza nguo wa soko la Kibuye, kwa hiyo namwambia hivi: ya asubuhi usiikose, ya saa sita mchana usiikose, na kofia yenye ukingo mpana au mwavuli ufanye kazi iliyobaki. Kwa mama wa samaki kulikuwa na jambo la ziada. Joto lenyewe huchochea melasma, naye alikuwa anainama juu ya karai la mafuta kutwa nzima. Tulikubaliana asogeze jiko upande wa upepo na amwachie binti yake zamu ya mchana.

Jioni iondoe vizuri bila kusugua. Sifongo na chumvi chumvi za kukwangua zinaumiza ngozi, na ngozi yetu ikiumia inaandika doa. Kitambaa laini chenye maji vuguvugu na sabuni ya uso ya upole, mara mbili kama ulipaka na faundesheni, vinatosha.

Ile krimu isiyo na lebo niliiweka kando na nikamwambia ukweli wake. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, lakini mikorogo bado inauzwa, mara nyingi na steroidi kali ndani yake. Tangu mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walikwisha kueleza jinsi haidrokwinoni ya kujipakia kiholela, juani, inavyoacha weusi wa samawati ambao karibu hauondoki. Nilimwanzishia asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya kupunguza madoa, badala yake, nikamwambia ahesabu miezi, asihesabu siku.

Neno kwa wazazi wa watoto wenye ualbino, kwa sababu mara nyingi mnanisikia nikitetea rangi mkadhani nawasema ninyi: kwenu sanskrini ni kinga ya saratani, na iliyo nyeupe inafaa sana. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huitoa bila malipo kupitia hospitali. Ifuateni.

Mama alirudi Oktoba. Melasma ya mashavuni ilikuwa imepauka, ya juu ya mdomo bado. Safari hii kwenye mfuko mlikuwa na tyubu mbili tu, za rangi ya kahawia, na kila moja ameiandika kwa kalamu tarehe aliyoifungua. Moja aliona imekwisha. Nikaomba mkasi, nikaikata katikati, nikamwonyesha ukutani mwa tyubu: ya siku tatu nzima ilikuwa bado imo.