Mlingoti juu ya trekta: jinsi kampuni ya Donaldson ilivyoanza

Kila ninapoletewa injini ya trekta iliyoishiwa nguvu, jambo la kwanza ninalofanya ni kuufungua mpira unaotoka kwenye eya klina, yaani kichujio cha hewa ya injini, na kupitisha kidole ndani yake. Kidole kikitoka na unga mkavu wenye rangi ya udongo, huwa najua kabla ya kugusa silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, kwamba vumbi limepenya na ringi zinazozunguka pistoni zimelika. Kampuni ya Donaldson ya Marekani, ambayo leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa filta za hewa za mitambo na viwanda, ilizaliwa kutokana na uharibifu wa aina hiyo hiyo.

Mwaka 1915 Frank Donaldson alikuwa akiuza matrekta ya kampuni ya Bull Tractor ya Minneapolis katika majimbo ya magharibi. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo ilikuwa imeingiza sokoni trekta dogo la magurudumu matatu, Little Bull, kwa dola 335, bei iliyowavutia wakulima ambao hapo awali walitegemea farasi. Matrekta mengi ya wakati ule yalivuta hewa bila kizuizi chochote. Injini huhitaji takribani lita 9,000 za hewa ili kuunguza lita moja tu ya petroli, kwa hiyo trekta linalolima shamba kavu humeza vumbi mchana kutwa. Vumbi hilo lina chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na zikichanganyika na oili hugeuka kuwa kama dawa ya kusagia vali, ile inayokwangua chuma.

Huko Utah, Donaldson alimkuta mkulima ambaye injini ya trekta lake ilikuwa ikifa kwa vumbi. Alichukua waya akasuka kizimba, akakifunika kwa kitambaa chenye manyoya laini, kisha akakiinua juu ya mlingoti ili injini ivute hewa kupitia hapo. Wanaosimulia habari hii husifu zaidi kitambaa, lakini kwa maoni yangu nusu kubwa ya kazi ilifanywa na mlingoti. Chembe nzito za vumbi linalotimuliwa na magurudumu hazipandi juu sana, na kila chembe iliyobaki chini ni chembe ambayo kitambaa hakitalazimika kuizuia. Donaldson alipowaeleza waajiri wake tatizo na dawa yake, walimfukuza kazi. Kwangu mimi hilo linauma hadi leo, kwa sababu aliwaletea habari ambayo ingeyaokoa matrekta yao wenyewe.

Alirudi St. Paul, Minnesota, akaanzisha kazi hiyo pamoja na baba yake na ndugu zake. Kitambaa kilikuwa na udhaifu ambao kila fundi anaujua: kadiri kinavyokamata vumbi ndivyo kinavyoziba, na injini inayokosa hewa hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Kwa hiyo wakatengeneza chombo cha bati kinachoizungusha hewa kwa kasi kabla haijaingia kwenye injini. Hewa, kwa kuwa ni nyepesi, hukata kona kwa urahisi, ilhali vumbi hurushwa pembeni na kutengwa. Chombo cha namna hii hakizibi upesi kama kitambaa, ingawa chembe ndogo kabisa hukiponyoka, na ndiyo maana baadaye zikaja eya klina za oili, ambamo hewa hupiga uso wa oili na kugeuka ghafla kuelekea juu kupitia wavu wa chuma uliolowa, huku vumbi likinasa.

Mawazo mawili, la mlingoti na la kuizungusha hewa, bado yapo kwenye matrekta ninayoyahudumia. Bomba la hewa husimama wima juu ya boneti, na kileleni pake mara nyingi huwa na bakuli linaloonyesha vumbi lililotengwa kwa kuzungushwa. Wakati wa kulima udongo mkavu mimi humtaka dereva alimwage bakuli hilo kila asubuhi, kabla hajawasha injini.