Mswada wa utafiti wa kilimo: maana yake na namna unavyoandaliwa

Mkenya akisikia neno mswada, mawazo yake hukimbilia Bunge, kwa wabunge wanaojadili sheria ambayo bado haijapitishwa. Katika taaluma neno ni lile lile, na wazo lenyewe halitofautiani sana. Mswada wa utafiti ni andiko kamili linaloeleza utafiti mmoja, lililopangwa kwa kufuata masharti ya jarida fulani la kisayansi, ambalo mwandishi hulipeleka kwa mhariri akiomba lichapishwe. Kama vile mswada wa Bunge hauwi sheria kabla ya kusomwa na kupigiwa kura, ndivyo mswada wa mtafiti usivyoitwa makala mpaka wahakiki wausome, mwandishi aurekebishe na mhariri aukubali.

Hapa Njoro, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo, kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kudhani kwamba mswada ni tasnifu iliyofupishwa. Tasnifu humthibitishia mtahini kwamba mwanafunzi amesoma, amefanya kazi na anaelewa alichokifanya. Ndiyo maana huvumiliwa ikiwa na mapitio marefu ya maandishi na viambatisho vya kila jedwali. Msomaji wa jarida hana haja ya kumtahini mtu. Anataka kujua swali lilikuwa lipi, lilijibiwa kwa njia gani, na jibu hilo laweza kuaminiwa kwa kiasi gani. Kwa hiyo tasnifu yenye malengo matatu yaweza kuzaa miswada miwili, au mmoja, na wakati mwingine isizae wowote, jambo ambalo huwauma wengi.

Sehemu za mswada zinajulikana: ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho na marejeleo. Utangulizi ndio unaoonyesha kama mwandishi anajua wenzake wamefika wapi. Anayeandika kuhusu magugu ya Striga hermonthica, yanayofyonza mizizi ya mahindi na ambayo Wajaluo huyaita kayongo, hawezi kujifanya wa kwanza kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, kwa sababu watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walikwisha kueleza jinsi mizizi ya desmodiamu inavyoyaotesha mapema magugu hayo na kuyazuia yasishike mizizi ya mahindi. Swali la mwandishi huyu ni lazima lianzie pale wao walipoishia, na lisemwe waziwazi kabla utangulizi haujafungwa.

Sehemu inayobeba mswada wa kilimo, kwa maoni yangu, ni mbinu, nayo ndiyo huandikwa kwa haraka kuliko zote. Kipimo chake ni kimoja: mtu wa Brazil ambaye hajawahi kufika Nakuru aweze kurudia jaribio lile bila kupiga simu. Kwake yeye jina Njoro halisemi chochote, wala Kibos iliyo karibu na Kisumu. Anahitaji latitudo na longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo kwa mfumo wa kimataifa wa uainishaji, na kiasi cha mvua iliyonyesha katika miezi ya jaribio lenyewe badala ya wastani wa miaka mingi pekee. Tofauti ya maeneo haya mawili si ndogo: Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na Kibos iko karibu na mita 1,200, kwa hiyo mbegu iliyosifiwa kwenye baridi ya huku yaweza kufanya vibaya sana kwenye joto la kule. Hata kuandika "msimu wa masika" hakutoshi. Taja tarehe ya kupanda na tarehe ya kuvuna.

Vipimo navyo vina mtego wake. Mkulima wa Nyando atakuambia alivuna magunia 20 kwa ekari, na yuko sahihi kabisa, lakini jarida linataka tani kwa hekta. Gunia ni kilo 90 na ekari ni hekta 0.405, hivyo magunia hayo ni kama tani 4.4 kwa hekta. Mbolea inahitaji uangalifu zaidi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, kwa ekari ni takriban kilo 124 za mbolea kwa hekta, nazo zina kilo 22 za nitrojeni na kilo 57 za P2O5. Sasa, P2O5 si fosforasi tupu, ni fosforasi iliyoungana na oksijeni. Fosforasi iliyomo ni kilo 25 tu. Mwandishi akiandika "kilo 57 za fosforasi", atakayemfuata atatumia zaidi ya mara mbili ya kiwango cha jaribio na kushangaa kwa nini matokeo yake hayalingani.

Kuna pia suala la marudio. Chukua aina nne za mahindi zilizopandwa katika bloku tatu, yaani sehemu tatu za shamba, kila bloku ikiwa na ploti (kipande kidogo) moja ya kila aina, na nafasi za ploti zikagawanywa kwa kura. Hizo ni ploti 12, na kila aina ina marudio matatu. Mtafiti akipima urefu wa mimea kumi katika kila ploti, atakuwa na vipimo 30 kwa kila aina, na hapo ndipo kishawishi huingia: anaandika kwamba ana marudio 30. Mimea kumi ya ploti moja imeota kwenye udongo mmoja na kunyeshewa mvua moja, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kama mashahidi kumi wasiojuana. Wastani wake ndio shahidi mmoja. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandikia kosa hili makala mwaka 1984, na bado linarudisha miswada hadi leo. Ikiwa kila aina ilipandwa kwenye ploti moja kubwa tu, hakuna uandishi utakaoliponya jaribio hilo. Dawa yake ni kurudi shambani.

Matokeo yaelezwe bila kutafsiriwa, na tafsiri iachiwe mjadala. Kila wastani uambatane na kipimo cha mtawanyiko, kwa mfano kosa sanifu, maana thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, peke yake haisemi kama tofauti iliyopatikana ni ya kilo tano au mia tano. Tofauti isipoonekana, andika kwamba haikuonekana. Usiseme mavuno "yalielekea kuongezeka".

Mambo ya kiutawala hayana utamu, lakini ndiyo huukwamisha mswada mlangoni. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, itajwe, na ikiwa wakulima walihojiwa, idhini ya kamati ya maadili pia. Orodha ya waandishi ikubaliwe mapema na wote walio ndani yake. Mkuu wa idara hawi mwandishi kwa sababu ya cheo, na fundi wa maabara aliyechambua sampuli anastahili angalau kushukuriwa kwa jina. Mswada hupelekwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Jarida likikubali mswada ndani ya siku tatu bila swali hata moja, kisha likadai ada, huo si uhakiki.

Wahakiki wa kweli huuliza maswali. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea barua ya mhariri akiwa amekasirika, kwa kuwa mhakiki alikuwa ameandika mstari mmoja tu chini ya jedwali lake la mavuno: punje zilipimwa zikiwa na unyevu gani? Jedwali lilisema tani 6.1 kwa hekta. Nilimwomba daftari la shambani, lile lenye jalada lililolowa matope, na tukakuta ameandika kwa penseli kwamba siku ya kupima unyevu ulikuwa asilimia 20. Kwa kawaida mavuno ya mahindi hurekebishwa hadi kiwango kimoja, kwa mfano asilimia 13, ili maji yasihesabiwe kama nafaka. Tulizidisha 6.1 kwa 80, tukagawanya kwa 87, tukapata 5.6. Nusu tani nzima ilikuwa maji. Alirekebisha safu yote ya jedwali, akaongeza sentensi moja katika mbinu, akamjibu mhakiki kwa kutaja ukurasa na mstari wa kila badiliko, kisha akaurudisha mswada jioni hiyo hiyo.